Makofi ya Mama, Mvua Ndefu ya 1976

Jumapili, 7 Machi 1976

Mvua bado. Vijana wamepiga makofi kanisani.

Naandika ilivyokuwa. Wimbo wa pili wa leo kwaya yangu imeufanyia mazoezi tangu Januari. Ni wimbo wa mwendo wa pole, mapigo matatu matatu, wa kuimbwa kama mtu anayepanda kilima na kuni mgongoni: hatua, pumzi, hatua. Kwenye ubeti wa pili, kutoka benchi za nyuma, Warigia akaanza kupiga makofi. Huyu ni binti wa jirani yetu. Alimaliza Form Four mwaka jana na sasa anafundisha shule ya msingi huku akingoja chuo. Huko shule ya bweni alikosoma walizoea kuimba hivyo. Makofi yake ni ya mapigo mawili, na mawili hayaingii katika matatu hata ukiomba na kufunga. Vijana wenzake wakamfuata. Kufika kiitikio, wimbo ulikuwa unateremka kama mkokoteni usio na breki, kwaya mbele, vijana nyuma, na mimi katikati nikipunga mkono ambao hakuna aliyeutazama.

Mzee Hezekiah Wamae, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alifumba macho. Mgeni angedhani anaomba. Mimi ni mmoja wa wazee, na karani wao kwa miaka kadhaa, naujua uso wake wa kuomba, na huu haukuwa huo.

Jumanne, 9 Machi

Mvua bado. Maziwa yamepungua tena kituoni. Wakulima wananilaumu mimi ninayepima, kana kwamba ndimi ninayekamua ng'ombe wao.

Jumapili, 14 Machi

Leo Mama amepiga makofi.

Nimeuacha mstari huo peke yake ili niutazame vizuri. Mama yangu, Magdaline Wachuka, aliyepita miaka sabini, aliyebatizwa siku moja na Mzee Hezekiah wakati kanisa letu lilikuwa bado la kuta za udongo. Mama aliyenichapa nikiwa mtoto kwa kugeuza kichwa wakati wa sala. Tangu nipate akili amekaa benchi ya tatu pamoja na kina mama wa vitambaa vyeupe vya kichwani. Leo alihama. Alitembea mpaka nyuma, akakaa katikati ya vijana, na wimbo ulipoanza akaiweka Biblia kando, akapiga makofi.

Na hapigi vizuri. Anachelewa nusu pigo. Kama ni lazima mtu anitie aibu, angalau anitie aibu kwa mwendo.

Nyumbani nilimkuta jikoni kwake akimenya viazi.

"Mama, ulikuwa unafanya nini leo?"

"Ati?"

Nikarudia.

"Nilikuwa kanisani. Kwani wewe hukuniona?"

"Nilikuona. Kila mtu alikuona."

"Basi," akasema, akachukua kiazi kingine.

Mke wangu Kabura alicheka nilipomweleza. "Baba Wachuka, mikono ni yake," akaniambia. Binti yetu wa kwanza amebeba jina la Mama, kama desturi ilivyo, kwa hiyo kila ninapoitwa nyumbani kwangu ni kama naitwa kwa jina la Mama pia. Leo sikuhitaji kukumbushwa.

Jumatano, 17 Machi

Redio ya Mama inasikika mpaka barabarani. Nilimwita kutoka uani mara kadhaa aje apokee maziwa ya watoto, hakuitika. Nilipoingia alikuwa amekaa tu, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa. Uzee una kiburi chake.

Jumapili, 21 Machi

Leo ilikuwa siku ya kuombea mvua. Mzee Hezekiah alitaka ibada ya toba: vichwa chini, hakuna wimbo, sala ndefu tu. Aliomba sana. Alitaja mahindi, malisho, mito, na dhambi za kizazi hiki, na alipofika kwenye dhambi hizo alifumbua jicho moja akalielekeza nyuma. Alipomaliza, kabla ya baraka, Warigia akaanzisha wimbo na benchi tatu za nyuma zikasimama zikipiga makofi, Mama akiwa miongoni mwao.

Alasiri ikanyesha. Si manyunyu. Mvua ya kufunga barabara.

Sasa tumekwisha.

Jumatatu, 22 Machi

Pale sokoni Giakanja hawazungumzi kingine. Mama mmoja anayeuza mboga za sukuma alimwambia mwenzake, nikiwa nimesimama hapo hapo nikichagua vitunguu: "Hezekiah ameomba mwezi mzima, hata umande hakuna. Wasichana wamepiga makofi mara moja tu, ona miguu yangu."

Mwenzake akasema, "Na yule nyanya, mama wa mwalimu wa kwaya, pia alipiga."

"Huyo ndiye alifungua bomba."

Nililipa vitunguu nikaondoka.

Alhamisi, 25 Machi

Tunapanda. Mahindi na maharagwe. Matope mpaka magotini.

Jumapili, 28 Machi

Kikao cha wazee baada ya ibada. Kilianza kwa amani, kikaharibika chai ilipokwisha.

Mzee Hezekiah alisema leo ni makofi, kesho watafunga vilemba na kupiga ngoma barabarani kama Wakorino. Mzee mwingine akapendekeza viboko. Nikamkumbusha kwamba Warigia ni mwalimu na ana miaka ishirini. Mwingine akasema tuwanyime benchi. Wakazunguka hapo kama fahali aliyefungwa kwenye mti, hadi njaa ikaniuma, na mimi, kwa kinywa changu, nikasema: tuzuie kadi.

Kwetu hakuna anayeshiriki Meza ya Bwana bila kadi. Wiki moja kabla ya Meza, kila mzee wa kanisa anazunguka nyumba za kigongo chake, mgongo wa kilima anaousimamia, anamuuliza mshiriki kama ana amani na jirani zake, anampa kadi. Asiye na kadi anakaa nyuma na watoto. Na kuna jambo zaidi, ambalo halisemwi lakini linajulikana na kila mtu: anayekufa akiwa amenyimwa kadi, kanisa halimziki. Anazikwa na watu wa nyumba yake tu, bila mchungaji, bila kwaya.

Wazee walilipenda wazo langu. Nikaliandika hapo hapo: "Yeyote atakayepiga makofi ndani ya kanisa hatapewa kadi ya Meza ya Pentekoste." Nililisoma mara mbili. Niliridhika. Hakukuwa na pa kupenya.

Jumapili, 4 Aprili

Nilisoma azimio mbele ya watu wote. Kimya kizuri. Wimbo uliofuata, makofi kama kawaida.

Baada ya ibada nilimkuta Warigia nje akikunja mwavuli. Nikamuuliza kama hakusikia.

"Nilisikia, Mwalimu."

"Na kadi yako?"

Akanitazama kwa adabu ile inayokera kuliko matusi. "Mwalimu, ni nani kati yetu ako na kadi? Mimi bado niko darasa la katekisimu. Hawa pia. Hakuna hata mmoja ameingia Meza. Tutanyang'anywaje kitu hatuna?"

Nilisimama pale mvua ikinipiga mabegani. Nikapitisha macho akilini kwenye benchi zile tatu, mtu baada ya mtu. Ni kweli. Hakuna mwenye kadi, ila mtu mmoja.

Nilimfuata Mzee Hezekiah mpaka kwenye lango. Aliposikia akasema, "Uliandika wewe."

"Mlipitisha ninyi."

"Tulipitisha kwa sababu wewe ndiye ulisoma."

Nikamwambia tulifute. Akasema azimio likifutwa kabla wino haujakauka, vijana watasema wametushinda, na mwaka ujao tutakuwa tunacheza ngoma mbele ya mimbari. "Zungumza na mama yako," akasema. "Ni makofi tu. Aache."

Jumanne, 6 Aprili

Nilizungumza na Mama. Alinisikiliza akinitazama usoni muda wote, akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeshakula.

Jumapili, 11 Aprili

Makofi. Kwaya imechoka. Sauti ya pili sasa inaharakisha hata kwenye mazoezi, bila makofi yoyote. Huu ni ugonjwa wa kuambukiza.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Alisimama. Wimbo wote, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, Mama amesimama, mikono juu ya kichwa, kitambaa cheupe kimeteleza upande. Watoto wangu walifurahi. Sitaandika zaidi.

Jumatatu, 19 Aprili

Mzee Hezekiah alikuja mwenyewe, kwa miguu, katika matope yale, na fimbo yake. Kabura alimpa chai. Akavuta kigoda karibu na Mama.

"Magdaline, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Sikufanyii wewe."

"Makofi ni ya nini?"

Mama alitazama viganja vyake. "Niko na mikono miwili, Hezekiah. Miaka hii yote nilifikiri ni ya jembe tu."

"Unajua nitalazimika kukunyima Meza."

"Najua."

"Na ukifa katikati?"

"Nitakuwa nimekufa," akasema Mama. "Hiyo ni taabu yenu."

Hakucheka yeyote. Mama ana kikohozi kila msimu wa baridi, na baridi iko mlangoni. Nguo zake za kuzikiwa zimekunjwa sandukuni tangu Baba afe, na mahali pake kando ya Baba ameshapaonyesha. Jambo moja tu analolitaka, alilonieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda kusikia, ni kwamba azikwe na kanisa, na kwaya yangu iimbe. Sasa mimi ndiye niliyeandika maneno yatakayoizuia kwaya hiyo.

Mzee alipoondoka nilimwambia Mama haya yote, tena kwa sauti ya juu kwa sababu nilikuwa na hasira. Alinijibu mambo ya maharagwe, kwamba yameota vizuri upande wa chini.

Jumamosi, 24 Aprili

Palizi. Mvua kila siku. Kuni zote zimelowa.

Jumapili, 2 Mei

Makofi.

Jumapili, 9 Mei

Harambee ya mabati, ndani ya kanisa kwa sababu ya mvua. Diwani alikuja na watu wake, akakaa mbele, kwenye kiti chenye mto. Alipotangaza mchango wake, Mzee Hezekiah alisimama karibu na mimbari na kusema, "Tumpe makofi matatu ya pamoja." Tukampa. Kanisa zima, wazee wote, kina mama wa vitambaa, mimi pia, mikono yangu ilipiga kabla sijafikiri. Moja, mbili, tatu. Sawasawa kabisa. Ni mara ya kwanza mwaka huu kanisa letu kupiga katika mwendo ninaoutaka.

Nilimsubiri Mzee mlangoni.

"Mzee, sisi wote sasa hatuna kadi."

"Hiyo ilikuwa harambee."

"Ndani ya kanisa. Azimio linasema ndani ya kanisa."

"Ibada ilikwisha tulipofunga Biblia. Baada ya hapo ni nyumba tu, yenye mabati mabovu." Akafungua mwavuli. "Moffat, wewe ulisomea mambo haya ya maneno. Mimi nilisomea kuchunga mbuzi. Usinichoshe."

Nimechoka mimi.

Alhamisi, 13 Mei

Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na mvua. Ilianza baada ya chakula cha mchana na kwaya haikuweza kuja mazoezini. Nilikuwa jikoni kwa Mama, tumekaa pande mbili za meza, yeye anachambua maharagwe ya mbegu, mimi najaribu kupanga wimbo wa Pentekoste. Mvua juu ya mabati ilikuwa na kelele sana. Nikatoa kile chuma changu chenye meno mawili, cha kutafutia sauti ya kuanzia, nikakigonga kwenye ukingo wa meza na kusimamisha shina lake juu ya ubao.

Mama aliinua kichwa. Kiganja chake kilikuwa kimelala mezani.

"Kinaimba," akasema.

Nilishangaa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sikisikii kwa ajili ya mvua. Nikakigonga tena, nikanyoosha mkono na kukisogeza sikioni pake. Akangoja. Akanitazama.

"Gonga basi," akasema.

"Nimegonga, Mama."

Hakunisikia. Alikuwa anatazama midomo yangu. Nikakigonga kwa nguvu zaidi, nikakiweka kwenye sikio la pili. Aliendelea kungoja, mpole, kama mtu anayengojea chenji. Nikasimamisha kile chuma mezani tena karibu na vidole vyake, akatabasamu.

"Hapo sasa."

Mama haisikii kwaya. Haisikii redio, ndiyo maana anaifungulia mpaka barabarani. Haniitikii kwa sababu hanisikii, na akinijibu mambo ya maharagwe ni kwa sababu nimegeuza uso. Na mimi, ninayeweza kusimamisha waimbaji wote kwa sababu mmoja wao ameshuka kidogo, nimeishi naye ua mmoja nikimwandika humu kuwa ana kiburi.

Nikasogea mbele yake nikasema polepole, "Tangu lini?"

"Ilianza kidogo kidogo, ule mwaka kahawa iliungua na baridi. Sasa pale benchi ya tatu naona midomo tu. Kama ng'ombe wanacheua." Aliendelea na maharagwe yake. "Siku moja nilipita nyuma kwenda kutoa mtoto nje, wale wasichana wakaanza. Miguu na mikono. Benchi ikaingia mwilini. Nikajua mko ubeti gani."

Nikamwambia imekwisha, taabu imekwisha. Nitawaeleza wazee, watampa kadi kesho.

"Hapana."

"Mama, wakijua wewe ni mgonjwa..."

"Ndiyo maana hapana." Akaweka maharagwe chini. "Sikiliza. Mwanzo ilikuwa masikio, nakubali. Sasa si masikio. Baba yako alipokufa, walisema Mkristo halii kama watu wa zamani. Nilikaa na mikono hapa." Akaiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine. "Siku nzima. Wewe ulipofaulu mtihani, vilevile. Hapa. Sasa nimezeeka na iko juu, na nikiipiga nafurahi. Usiende kuwaambia ni ugonjwa. Wakinipa kadi ya mgonjwa nitaichoma kwa moto huu."

Mvua ilinyesha mpaka jioni.

Ijumaa, 14 Mei

Kabura alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilidhani wewe ndiye mtu wa masikio," akasema, na akaenda kukamua.

Jumatano, 19 Mei

Manyunyu. Mama anakohoa. Nilimwomba twende Nyeri, daktari amtazame masikio na kifua. Akasema kifua ndiyo, masikio hapana. Kwa hiyo hatukwenda.

Jumapili, 23 Mei

Kikao cha mwisho kabla ya Meza. Nilikwenda nimejiandaa. Nilisema azimio liliandikwa vibaya, na kwamba aliyeliandika ni mimi. Nilisema lilikusudiwa kurekebisha vijana na limemkamata mtu mmoja tu, mshiriki wa tangu mwanzo. Nilitaja makofi ya diwani. Hapo mzee mmoja akakohoa, mwingine akatazama dirishani.

Mzee Hezekiah aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole nisiouzoea, "Moffat, kuna njia. Mtu mzima kama yule, akili na mwili huchoka. Tukiandika kwamba Magdaline ni mgonjwa, azimio halimgusi mgonjwa. Kadi anapata leo. Wewe sema tu neno."

Wazee wote waliitikia kwa vichwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, angalau nusu. Nilifikiria kikohozi chake. Nilifikiria kaburi lisilo na wimbo, na mimi nimesimama kando yake na midomo imefungwa kwa azimio la mkono wangu. Ningelisema neno lile, ningeenda nyumbani na kadi mfukoni na tungekula kwa amani, mpaka angeuliza nimeipataje.

"Si mgonjwa," nikasema.

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Anapiga makofi kwa sababu anataka kupiga makofi."

Mzee alinisogezea karatasi. "Basi andika hapewi," akasema.

Nikaandika.

Jumapili, 30 Mei

Mimi ndiye mzee wa kigongo hiki, kwa hiyo leo nilizunguka na kadi, nyumba kwa nyumba, nikiuliza kila mtu kama ana amani na jirani zake. Mwanamume mmoja ambaye amemsogezea ndugu yake mpaka wa shamba alisema ana amani tele. Nikampa kadi. Mwingine, ambaye jana tu alitukana watu kituoni kwangu kwa sababu ya maziwa aliyoyatia maji mwenyewe, alisema ana amani. Nikampa. Azimio halisemi lolote juu ya maji katika maziwa.

Nyumba ya mwisho ni yetu. Nikampa Kabura. Nikaenda jikoni kwa Mama mikono mitupu, nikakaa mbele yake ili anione vizuri.

"Niulize," akasema.

"Mama, sina kadi yako."

"Najua. Niulize tu, kama wengine."

Nikamuuliza kama ana amani na jirani zake. Alifikiri. Hakuna mwingine kigongo hiki aliyefikiri.

"Na wote," akasema. "Hata Hezekiah. Wewe kidogo bado."

Jumapili, 6 Juni. Pentekoste

Baridi, ukungu mpaka milangoni. Mchungaji, ambaye hutufikia wakati wa Meza tu, aliletwa na gari kutoka mjini. Wenye kadi walikaa mbele. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, watoto upande mmoja na vijana wa Warigia upande wa pili. Amevaa kitambaa chake cheupe, amekipiga pasi.

Wazee ndio wanaopitisha mkate. Sahani ya upande wa kushoto ilikuwa yangu. Nikapita benchi baada ya benchi. Aliyesogeza mpaka wa shamba akala. Mtu wa maziwa akala. Nilipofika mwisho wa wenye kadi nilipaswa kugeuka na kurudi mbele. Sikupanga lolote, mimi ni mtu wa kupanga, na hili sikulipanga. Miguu iliendelea. Nilipita benchi tupu, nikapita watoto, nikasimama mbele ya Mama na kushusha sahani.

Alitazama mkate, akanitazama mimi.

"Wazee wamesema nipewe?"

Mtu asiyesikia hajui ukubwa wa sauti yake. Kanisa zima liligeuka.

Ningeweza kuitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshika sahani ya Bwana. Nikakataa kwa kichwa.

"Basi rudisha," akasema Mama. "Sitakula Meza ya kuibiwa."

Mchungaji aliinuka. "Kuna nini huko nyuma?" Nilikuwa nimesimama pale kama mwizi wa kuku aliyemulikwa, na nilikuwa na hasira na wazee, na mchungaji, na mimi mwenyewe, lakini zaidi na Mama, ambaye ameletewa anachokitaka na bado anakipima kama mnunuzi wa ng'ombe.

Nikasikia fimbo. Mzee Hezekiah alikuwa anakuja, polepole, njia yote ya katikati. Alifika akaichukua sahani mikononi mwangu. Nilidhani anairudisha mbele. Badala yake aliinama karibu na uso wa Mama na kusema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, taratibu, akiumba kila neno kwa midomo. Nikafahamu kwamba naye amejua muda mrefu.

"Magdaline. Sasa nimekuletea mimi."

"Kwa sababu ni mgonjwa?"

"Hapana. Nilitaka iwe hivyo. Mtoto wako alikataa mbele ya wazee wote. Alisema wewe si mgonjwa."

Mama alinigeukia. "Alisema hivyo?"

"Alisema. Ni kichwa ngumu, sijui alitoa wapi."

"Na nikipiga makofi?"

Mzee alivuta pumzi. Akashusha sahani. "Utapiga," akasema. "Mimi nimezeeka, Magdaline. Sitaki uzikwe na wanao tu. Kula."

Mama akapokea kwa mikono miwili.

Wimbo wa kufunga walipiga makofi. Ulikuwa mbio tupu. Sauti ya pili ilifika mwisho kabla ya sauti ya kwanza, na Mama nusu pigo nyuma ya wote. Ilikuwa mbaya, na kama ni kosa la mtu basi ni langu, kwa sababu kuanzia ubeti wa pili niliacha kupunga mkono.

Wazee wawili wameondoka bila kunisalimia. Jumamosi tunakutana. Ajenda ya kwanza ni mimi, na karani wa kuiandika ni mimi.

Tulirudi nyumbani na Mama katika ukungu, Kabura na watoto mbele. Pale kwenye daraja la mbao alinishika mkono wa koti akanisimamisha, anione usoni.

"Kwa hiyo ulisema si mgonjwa."

"Nilisema."

"Basi kesho nipeleke Nyeri kwa daktari, aangalie haya masikio."

Nilimuuliza, na nilikuwa nimeishiwa kabisa na subira, kwa nini hakukubali tangu Mei nilipomsihi.

"Mei ungeenda kumwambia Hezekiah," akasema, akavuka daraja.

Nimeomba ruhusa kituoni. Kesho maziwa yatapimwa na mtu mwingine.